Bomu iliyoanguka kwa jirani

Leo nilikosa tu kupiga makofi, nikageuka adui wa inchi.

Munanijua, miye na mambo ya Mungu hatupatane. Nilimusindikiza tu mama yangu kanisani, hapa mujini Baraka.

Saa ya ushuhuda, mama mumoja akasimama.

"Bwana asifiwe! Bomu ilikuwa inakuja kwetu. Mukono wa Mungu ukaisukuma, ikaanguka kwa jirani!"

Kanisa yote: Haleluya! Makofi, vigelegele.

Kwa jirani, jamani!

Mikono yangu ikabaki kwenye magoti.

Pasta akaniona. "Ule kijana hashukuru Mungu. Iko upande gani? Wetu ao wa adui?"

Siku hizi za vita, huku kwetu, swali kama hiyo inaua mutu.

Bantu bakageuka kuniangalia. Mama yangu akainamisha kichwa.

Ndipo mutu wa nyuma akanivuta shati, nikageuka. Mama Riziki. Ule jirani mwenyewe. Bomu hiyo ndiyo iliua mutoto wake, tulimuzika juzi.

Akaninongoneza: "Piga, mutoto yangu, batakufanyia mubaya. Miye pia napiga."

Nikaangalia mikono yake. Kweli, alikuwa anapiga.

Nikapiga.

Sasa ninyi benye kuamini, niandikieni hapa chini: ule mukono haukuona kama kwa jirani pia kuna mutoto?