Viazi vya Mkwe

Mama mkwe alimjua mume wa bintiye kwa kidole gumba. Hakikutulia hata mezani. Kilipapasa kila kitu kama kinachotafuta kile kibandiko anachobandika kazini kwenye magunia ya viazi: cha njano kikiingia chumba cha mionzi, chekundu kikitoka. Kisipogeuka rangi, gunia haliondoki, hata bosi apige kelele mpaka sauti imkauke. Na kila mkwe alipoulizwa kama viazi hivyo havidhuru, alijibu polepole yale yale: “Mama, ukitoka juani ukaingia ndani, jua unaingia nalo?” Mama mkwe aliguna tu. Vile alivyoletewa na mkwe alivisukumia chini ya meza, kando ya vyake vya sokoni.

Miezi miwili baadaye waliinama pamoja kutazama. Vyake vilikuwa vimenywea na kuota machipukizi; vya mkwe vilikuwa vigumu vilevile. Mama mkwe alisubiri achekwe. Mkwe akakusanya vilivyoota. “Hivi nikulimie bustani tuvipande, Mama. Vyangu vimepigwa mionzi, haviwezi kuota.” Akatoka na jembe.

Mama mkwe akachukua kimoja kigumu, akakibonyeza kwa kidole gumba, akatafuta kisu cha kumenyea.

“Usikawie huko!” aliita. “Sufuria iko motoni.”