Waya wa Mkwe

Kwenye machimbo ya mawe, chumba cha redio kilikuwa cha Bi Kengele. Jina hilo alibandikwa na madereva, maana sauti yake ilimgutusha hata dereva mzembe aliyesinzia kwenye usukani. Lakini vumbi na kelele za miaka viliila ile sauti. Daktari akamwambia anyamaze, tena anyamaze kweli, la sivyo hata ya kunong'ona ataikosa.

Sasa bubu atafanya nini redioni? Meneja alishaanza kumtafutia mrithi wa kiti chake. Hapo mkwewe, fundi redio, akajitosa: akavuta waya kutoka tundu la spika la kompyuta hadi tundu la maikrofoni ya redio. Sauti ya kompyuta ni kubwa mno kwa maikrofoni, kwa hiyo akaipunguza. Redio akaitega ijifungue yenyewe ikisikia sauti, ijifunge sauti ikiisha. Bi Kengele abonyeze tu, tangazo lililorekodiwa kwenye kompyuta litoke. Mkwe wa namna hiyo, jamani, unampa na mbuzi juu.

Ikafika zamu ya kulipua mwamba. Sheria ya pale ilikuwa moja: tangazo likitoka, aliyebaki shimoni aseme redioni. Kukiwa kimya, mlipuaji analipua. Bi Kengele akabonyeza. Tangazo likatoka safi, likaisha. Kimya.

Akachungulia dirishani. Matipa yote yalikuwa juu, isipokuwa la mdogo wake wa mwisho. Akasubiri aite. Huyo hafungi mdomo hata akila, leo kulikoni? Akaigeukia redio, akaona taa nyekundu bado inawaka. Tangazo limekwisha, redio ingali inatuma!

Inatuma nini? Mvumo. Mkwe alijaribu mtambo kwa betri ya kompyuta, na leo betri ilikuwa imeisha, Bi Kengele kachomeka chaja. Mvumo wa umeme ukapita kwenye waya, redio ikaudhania sauti, ikaikalia njia ya mawasiliano, mwingine asisikike. Kiredio cha mtu wa shimoni kitasikika wapi? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wa pale ulikuwa wa baruti.

Akaung'oa waya kwa mikono miwili.

"...msilipue! Nimo chini, jiwe limeziba njia, msilipue!"

Ni mdogo wake. Mlipuaji akajibu kwamba ameshauondoa mkono kwenye swichi, halipui. Bi Kengele akakaa sakafuni.

Walipomtoa, kijana alipanda moja kwa moja hadi chumba cha redio, kajaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza dada mtu.

"Niliita, dada, niliita weee. Nikajua unanisikia, ila unaitunza sauti yako."

Mezani palikuwa na karatasi na kalamu za kujibia watu. Bi Kengele hakuvigusa.

"Sikukusikia, mdogo wangu," akasema kwa sauti. Akarudia, akarudia tena, mpaka ikakatika.