Hodi kwenye Kimondo

Juzi nilimpeleka kitukuu wangu kukitazama Kimondo cha Mbozi. Watalii walikuwa wakipiga picha, na mwongozaji akawaeleza kwamba chuma kile kilidondoka kutoka angani. Kitukuu wangu akainua macho juu. Mimi nilitazama chini, maana utotoni niliamini kinafunika kitu kilicho chini ya ardhi.

Alasiri moja ya utoto huo nilikuwa na bibi, mama yake baba, tukitoka kuokota kuni. Mvua ilikuwa imekatika, na maua ya kahawa yalinukia hadi kule kilimani. Vibarua wa Mzungu mmoja walikuwa wamechimba shimo kukizunguka kimondo, kisha wakaondoka. Nami nilikuwa nimeambiwa kwamba baba alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kuchimba shaba chini ya ardhi. Wenzake walikwisha kurudi na mablanketi na baiskeli; yeye bado. Nilipoliona lile shimo, na chuma cheusi kimelijaa, nikajua huo ndio mlango wa mgodi, na umefungwa.

Nikaokota jiwe, nikagonga. Chuma kikalia kama kengele ya kanisani, mlio ukachelewa kuisha.

"Unafanya nini, mama?" bibi akaniuliza.

"Ninampigia baba hodi."

Nilidhani atacheka, au atanikemea. Akatua mzigo wake wa kuni.

"Gonga kwa nguvu," akasema. "Huko ni mbali."

Nikagonga. Naye akapiga magoti kwenye udongo mbichi, akabandika sikio lake kwenye chuma.