Bakuli la Firigisi

Sifa ni zako, Bwana, uliyetupa koo la kuimbia na tumbo la kuchekea, na hukutukataza kutumia vyote viwili ndani ya nyumba yako. Umenifikisha uzeeni nikiwa na meno ya kutosha kutafuna na akili ya kutosha kukumbuka. Nakushukuru sasa hivi, kabla sijasimulia, maana nikianza kusimulia nitacheka, na nikicheka nitasahau kushukuru.

Kanisa letu liko hapa Likasi, upande wa njia ya kwenda Buluo. Lilianzia sebuleni kwangu, mimi na mke wangu na familia chache zenye asili ya Kasai kama sisi, watoto na wajukuu wa watu walioletwa zamani kufanya kazi mgodini. Tuliimba kwa Chiluba, tukaomba polepole, tukamaliza kabla jua halijawa kali. Baadaye Mungu akatuletea familia za wachimbaji wa mkono na wachuuzi, watu wa makabila mengi. Hao waliomba wakiwa wamesimama, wote kwa pamoja, mikono juu, na ngoma, na spika. Sebule ikajaa, tukahamia uani. Ua ukajaa, tukachoma matofali na kujenga.

Kiongozi wao alikuwa mtu aliyewahi kuchimba madini huko Kakanda, na sasa anauza unga sokoni. Ana umri wa mwanangu wa kwanza. Tulikuwa tukiketi pamoja kwenye benchi la mbele, yeye na mimi, na tukiongoza kwa zamu. Nilipoomba mimi, yeye alisinzia kidogo. Alipoomba yeye, hakuna aliyeweza kusinzia, hata majirani. Nilimpenda sana. Nilikuwa nimesoma mafundisho ya imani miaka mingi, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kupiga makofi bila kuona haya.

Sasa, si wote waliofurahi. Wazee wa kwetu walilalamika kwamba spika inawaumiza masikio na kwamba ibada inaisha wakati bukari, ugali wetu, imeshapoa nyumbani. Vijana wa upande wa kule walisema wazee wanaomba kama watu wanaoogopa kumwamsha Mungu. Mwishowe mzee mmoja, karani mstaafu, mwenye tai kila Jumapili hata kwenye joto, aliwachukua wenzake wakaenda kumwona msimamizi wetu wa makanisa. Wakamwomba atutenganishe: wao wabaki na jengo, wale wengine watafute pao.

Msimamizi akanipigia simu. Alisema atakuja Jumapili ijayo, atasali nasi, atakula nasi, na akishakula atatoa uamuzi.

Nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa nawaza benchi lile la mbele na mimi peke yangu juu yake, nikisali polepole na hakuna anayesinzia pembeni.

Nilimwita mwenzangu, muuza unga. Alisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Papa, anakuya kuangalia kama tunaweza kutumika pamoja. Basi atuone tunatumika."

Kutumika kwetu ni kufanya kazi, na yeye ndiye aliyeleta wazo. Kila kazi ya Jumapili hiyo ipewe watu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, na asiwepo wa kuamua peke yake. Nikaona ni wazo la kiroho kabisa. Sikujua litachekesha kiasi gani.

Wafagiaji wawili walianza kila mmoja mwisho wake wa kanisa, wakasukumiana vumbi hadi katikati, wakasimama pale wakibishana nani alitoe nje. Wa mapokezi walikubaliana kumwimbia mgeni mlangoni, ila hawakukubaliana wimbo. Na kwenye bukari, ndipo mambo yalipokuwa mambo. Mama wa kwetu huchanganya unga wa muhogo na wa mahindi. Mama wa kule anataka mahindi matupu. Walipewa sufuria moja ya kufanyia majaribio siku ya Jumamosi, na kila mmoja alipokwenda kuchota maji, mwenzake alitia unga wake.

"Mamu, hii bukari iko navutika kama nguo ya mupira," alisema mama wa kule.

"Na ya kwenu iko navunjika kama tofali," akajibu wa kwetu. "Vuta tu, mwanangu. Meno ya mugeni itapumzika."

Tuliila bukari ile ya majaribio. Ilikuwa nzuri, na hakuna hata mmoja wao aliyekubali kwamba ni nzuri.

Kuhusu kitoweo, tulifanya kikao. Tuliamua kila nyumba itakayoweza ilete kuku aliyepikwa, na kuku wote wamiminwe kwenye sufuria moja kubwa, ili asijulikane kuku wa upande huu na kuku wa upande ule. Tulizungumzia chumvi, viti, maji ya kunawa. Kikao kilikuwa kirefu, kama vikao vyetu vyote. Firigisi haikutajwa.

Kwetu, iwe familia ya Kasai au ya wapi, firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Mtoto anaweza kupewa paja, lakini firigisi haigusi. Na akija mgeni wa heshima, baba huiacha, mgeni huila. Kuku aliyefika mbele ya mgeni bila firigisi ni kama kumwambia, kitu kizuri tumekificha jikoni. Sasa fikiria kuku wote wale ndani ya sufuria moja. Mgeni atajuaje kwamba kuku wangu alikuja na firigisi yake?

Sisi wanaume hatukulifikiria hilo. Wanawake walilifikiria, kila mmoja kwake, kimya.

Jumapili asubuhi nilimkuta mke wangu akifunga sufuria kwa kitambaa. Nilitazama ndani kabla hajamaliza, maana nina mazoea.

"Firigisi iko wapi?" nikamuuliza.

"Paka," alisema, bila kuinua macho.

"Paka gani? Hatuna paka."

"Wa jirani. Vaa koti, Papa, utachelewa."

Nilivaa koti. Nilikuwa na huzuni kidogo, naungama, lakini siku ile kulikuwa na mambo makubwa zaidi.

Msimamizi alifika, mtu mrefu, mnyamavu, mwenye miwani. Walimwimbia nyimbo mbili kwa wakati mmoja mlangoni, akasimama akazisikiliza zote hadi mwisho. Ibada ilikwenda. Niliomba polepole, mwenzangu akasinzia. Akaomba yeye, mbuzi wa jirani akakata kamba. Msimamizi hakucheka wala hakukunja uso. Karani mstaafu aliketi safu ya pili na tai yake, akimtazama mgeni kama mtu anayesubiri hukumu aliyoahidiwa.

Tukatoka uani kula, chini ya turubai. Waliopangiwa kuhudumia meza ya mgeni walikuwa wawili: mama mmoja wa kwetu, mnene na mpole, na mke wa mchimbaji mmoja wa kule, binti mwembamba asiyependa kusema. Waliweka bukari, sombe ya majani ya muhogo na bakuli kubwa la udongo lenye kifuniko. Mgeni akanawa. Nikabariki chakula. Watu wote wakamtazama mgeni, maana kila mtu alikumbuka kwamba akishakula atasema.

Akafunua bakuli.

Akalitazama kwa muda. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akainama karibu yangu.

"Muzee," alisema, "kuku ya huku Likasi iko natembea na nini?"

"Namna gani, Papa Pasta?"

"Minaona firigisi tu. Miguu ilienda wapi?"

Nikatazama. Bakuli lilikuwa limejaa firigisi hadi mdomoni, zimelundikana kama mawe ya mchimbaji yaliyokwisha kuoshwa. Hapakuwa na bawa, hapakuwa na shingo. Mwenzangu naye akachungulia juu ya bega langu.

"Papa Pasta," akasema kwa heshima, "huku kwetu kuku inarukaka."

Nilimkanyaga mguu. Msimamizi akawageukia wahudumu wawili, akauliza kwa upole ni nani aliyejaza bakuli. Wakatazamana.

"Kuko mama moya alinipatia yake," alisema mama wa kwetu. "Akasema nisimwambie muntu. Nikaitia."

"Ni moya tu?"

"Kisha ingine akakuya. Kisha ingine."

"Na minye pia," alisema yule binti kwa sauti ndogo. "Bamama ya upande yetu, kila moya alinishika mukono. Mamu akigeuka, natia. Nikifunua tena, naona imeongezeka. Nikasema, labda ni baraka."

Hapo ndipo mtu fulani nyuma alipopasuka kwa kicheko na kujifanya anakohoa. Nami nilikuwa nimeanza kuelewa. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa akitazama turubai juu kana kwamba anakagua mashimo.

"Mama," nikamwita, "paka wa jirani amekuja kanisani?"

Akasimama taratibu, akanyoosha kitenge. "Papa Pasta, utusamehe. Ya kwetu imo mule. Sikutaka ufikiri nyumba ya muzee ilikunyima."

Muuza unga akamgeukia mkewe. "Na weye? Uliniambia kuku ile ilizaliwa bila firigisi."

"Niliambia weye hivyo," mkewe akakubali.

"Nikaamini. Nikasema Mungu anaumba vile anapenda."

Basi ua mzima ukawa sauti za waume. Huyu aliambiwa imeanguka kwenye makala. Yule aliambiwa ilikuwa chungu ikatupwa. Mwingine aliambiwa daktari amemkataza firigisi, naye hakuwa amemwona daktari yeyote. Watu walijishika mbavu, mama mnene akaketi chini kabisa na kufuta machozi kwa aproni yake, na mimi, mzee mzima, nilicheka hadi koti likafunguka kifungo. Sijui lini kanisa letu lilipata kucheka kwa lugha moja namna ile.

Msimamizi ndiye peke yake aliyekuwa hajacheka. Alisubiri tutulie. Kisha akauliza, "Wale waliokuja kwangu kuomba niwatenganishe, wako hapa?"

Kicheko kikakatika. Nilitazama benchi tulilokuwa tumelibeba kutoka ndani, mwenzangu ameketi upande wake.

Karani mstaafu akasimama, akanyoosha tai. "Niko hapa, Papa Pasta."

"Ulileta firigisi?"

Mzee yule alimgeukia mkewe. Mkewe, pembeni yake, aliinamisha kichwa.

"Mke wangu aliniuliza jana kama tulete," alisema mzee. "Nilimwambia, peleka. Hata kama tunaachana, bantu basiseme nyumba yangu ilimunyima mugeni." Akanyoosha kidole kwenye bakuli. "Ile kubwa pale juu njo yangu. Si ya kuku. Ni ya bata."

Hapo msimamizi akacheka. Alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, miwani ikamteleza hadi puani, na tulipomwona tukaanza upya wote. Karani alisimama katikati akijikaza, akajikaza, kisha tai yake ikaanza kutetemeka.

Msimamizi akaitwaa ile ya bata, akaila pole pole mbele yetu, akashukuru. Kisha akampa yule binti bakuli, akamwambia alizungushe, kila baba achukue moja, asitafute yake. Binti akaanza na karani. Mzee yule alitazama bakuli, akachukua moja isiyo kubwa wala ndogo, na akamwambia, "Asante, mwanangu. Hii inaweza kuwa ya kwenu."

"Inaweza, Papa," binti akasema. "Kama inanuka moshi, njo yetu."

Akainusa. "Inanuka moshi," akasema, na akaila yote.

Tulipomaliza, msimamizi akasimama kutoa uamuzi wake. Haukuwa mrefu. "Niliambiwa huku kuna makanisa mawili ndani ya jengo moya. Nimekula, nimeona. Kila nyumba ilitoa sehemu ya baba yake, na hakuna aliyejua kama mwenzake ametoa. Kanisa hili litabaki moja. Spika itapunguzwa. Wazee nao wataongeza sauti kidogo." Akaketi, kisha akasimama tena. "Tena, nikiwatenganisha, safari ingine mutanipatia nusu ya bakuli. Minye si mujinga."

Imekwisha kupita miaka sasa. Tunaendelea kuwapa watu wawili wawili kazi, na bado wafagiaji wanakutana na vumbi katikati, ila siku hizi wanalibeba pamoja kwa sepeto moja. Bukari ya kanisa ni ya mchanganyiko, na kila upande unadai ni mapishi yao. Tumefungua tawi njia ya Kapolowe, na tulipochagua wa kulianzisha, karani mstaafu ndiye aliyependekeza yule binti na mumewe waende naye. Mzee huyo huenda huko kila Jumapili ya kwanza ya mwezi na tai yake. Akirudi hutuambia kwamba wanasali kwa kelele nyingi, na kwamba amekubali kupiga makofi, ila kwa mkono mmoja juu ya mwingine, taratibu.

Mtu akileta kikaoni neno la kufanya jambo kivyake, mwenzangu humuuliza tu, "Papa, na firigisi utaipeleka wapi?" Basi. Kikao hucheka, mwenye neno hucheka pia, tunaendelea na ajenda.

Nami nyumbani, kila kuku akichinjwa, namuuliza mke wangu kuhusu paka wa jirani. Hunipa firigisi bila kujibu. Benchi letu la mbele limechakaa miguu, tumelitia misumari mipya, na mwenzangu bado anasinzia nikiomba.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akuketishe kwenye benchi lenye mtu mwingine juu yake. Akupe nyumba yenye cha kumwachia mgeni, na watu wanaokupa kilicho chema bila kutangaza. Na siku utakapofunua bakuli lako, ulikute limejaa kuliko ulivyotarajia, ucheke, na ulipitishe kwa wengine. Amina.