Mama Mizani Hapandi Tena Gari la Halmashauri

Saa moja na robo asubuhi uji umeshachemka na mlango wa kituo cha kulelea watoto uko wazi. Mama Mizani amesimama kizingitini, kitambaa cha kufutia watoto pua kiko begani, macho yako barabarani. Yeye humtazama mara mbili kila mama anayekata kona na mtoto mgongoni. Mara ya kwanza ni kwa matumaini, ya pili ni kwa adabu, maana lazima amsalimie.

"Karibuni, karibuni. Huyu leo mbona kanuna? Nani kamuudhi bwana mkubwa?"

Nyuma yake mpishi anamimina uji kwenye vikombe vya plastiki. Akifika kwenye kikombe cha bluu chenye ukingo uliotafunwa, anasita.

"Hiki nacho?"

"Mimina."

"Jana kilikaa mpaka kikafanya utando, mama."

"Mimina tu, ndugu yangu."

Kikombe hicho ni cha Mzee. Mzee mwenyewe bado hajatimiza miaka miwili. Walimu wa kituo walimpa jina hilo kwa sababu alipoanza kutembea alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, amekunja uso, akikagua vyumba vya watu. Hii ni wiki ya tatu hajaonekana. Kwa ajili yake, Mama Mizani, mwanamke anayeongoza mpango mzima wa malezi ya watoto wadogo na msaada wa familia zenye kipato cha chini, mwenye ofisi halmashauri, kiti cha kuzunguka na mhuri, anaianza siku yake hapa mlangoni.

"Nikikaa ofisini nazunguka na kiti tu," anasema. "Hapa angalau wasiwasi wangu unapata kazi."

Jina la Mama Mizani limetokana na mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa mviringo na mfuko wa kumkalisha mtoto, ambayo haimwamini mtu mwingine kuibeba. Mumewe, fundi cherehani, anadai ugonjwa huo wa kupimapima umeshaingia hadi nyumbani. "Nikirudi na nyama, anainyanyua kwa mkono na kuniambia nimepunjwa," anasema. "Na kweli nakuwa nimepunjwa."

Mpango anaouongoza una vituo vitano vya kulelea watoto mchana, uji wa lishe, na posho ndogo kwa familia ambazo hali imezishinda. Wanaoutegemea ni wafua nguo, wasukuma mikokoteni na wachuuzi wa vichochoroni. Kabla ya vituo, wengi wao walimlaza mtoto chini ya meza ya biashara, au walimwachia dada yake ambaye naye bado ananyonya kidole.

Mama yake Mzee anauza mayai ya kuchemsha. Huyabeba kwenye sinia kichwani, na chumvi ameifunga kwenye vipande vya karatasi. Mtaani wanamwita Mama Mayai. Siku biashara ikilala, nyumbani wanakula mayai yaleyale aliyotoka nayo asubuhi, kisha kesho yake hana mtaji. Baba wa mtoto aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta.

Mzee alipoletwa kituoni mara ya kwanza, Mama Mizani alimzungushia mkononi utepe wa kupimia lishe. Utepe huo una rangi tatu: kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Ulisoma nyekundu.

"Alikuwa halii," anakumbuka. "Mtoto anayepiga kelele hanitishi. Asiyelia ndiye ananinyima raha."

Kwa miezi kadhaa walimnywesha kwa kijiko, taratibu, mpaka utepe ukahamia njano. Siku alipolilia kikombe cha pili, mpishi aliweka upawa chini akalia naye. Mama Mizani anasimulia haya huku akitabasamu, halafu tabasamu linakatika, kwa sababu ndipo panapoanza kisa cha gari.

Kwa kawaida yeye huenda majumbani kwa miguu. Ameifanya kuwa sharti la kazi na wasaidizi wake wote wanalijua: unafika kwa mtu kwa miguu yako, unapiga hodi, unasubiri karibu, na usipokaribishwa unarudi ulikotoka. Sababu haina maficho. Gari pekee wanalopewa la kubebea unga ni lile pikapu jeupe ambalo siku nyingine hupakia askari wa halmashauri na bidhaa walizokamata kwa wachuuzi. Kila anayebeba sinia kichwani anaijua sauti ya injini yake kabla halijakata kona, na akishaisikia, mguu niponye.

Siku hiyo mvua ilikuwa inashuka. Mama Mizani alikuwa na mizani, mfuko wa unga wa lishe, na habari iliyokuwa ikimwasha mdomoni: familia ya Mama Mayai ilikuwa imekubaliwa kupata posho. Dereva wa pikapu akapunguza mwendo kando yake.

"Mama, panda! Utaloa na hicho kimizani chako. Nakushusha mlangoni kwake sasa hivi."

Akapanda.

"Nilikuwa na haraka ya kumfurahisha mtu," anasema, ameshika tama. "Hiyo haraka ndiyo imenitokea puani."

Pikapu liliposimama mlangoni kwa Mama Mayai, ndani kulikuwa na jiko la mkaa limewaka, sufuria juu yake, na kiatu kimoja cha mtoto sakafuni. Mlango wa uani ulikuwa wazi, watu hamna.

"Nilipiga hodi mpaka nikaona haya. Mayai yalikuwa yanagongana sufuriani, ko, ko, ko. Nikayaepua yasije yakaungua, nikaondoka zangu."

Kabla jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa na maelezo yake. Halmashauri inakusanya watoto waliokonda. Mama Mizani alikuwa akiwapima ili ajue wa kuwachukua. Kila aliyelipokea neno hilo alilitia chumvi yake, na kesho yake kituo kilikuwa nusu tupu.

Mwalimu wa watoto alizunguka nyumba kwa nyumba, kwa miguu, akibembeleza. Wengi walirudi, wengine wakicheka kwa aibu. Mama Mayai hakurudi. Chumba chake kilikutwa na kufuli, na majirani, ambao siku nyingine wanajua hata ulichopika juzi, ghafla wakawa hawajui lolote.

Mkuu wa idara, ambaye Mama Mizani anamsifu kuwa mtu mwenye huruma, alimpa ushauri. "Tuwaagize askari wamtafute," alimwambia. "Taratibu tu, kwa nia njema."

"Nilimjibu, bosi, nakuheshimu sana," anasimulia. "Lakini askari wa nia njema na askari wa nia mbaya wanavaa buti zilezile."

Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya. "Nikimtafuta kwa nguvu, nimeshausema uvumi kuwa ni kweli. Nikikaa kimya, mtoto anarudi kwenye nyekundu, na mtoto wa namna ile homa moja tu inatosha. Sasa nifanyeje? Niambie wewe unayeandika magazeti."

Mwandishi alikunywa maji yake.

Mumewe anasema tangu siku ile mkewe anakula nusu sahani, halafu anaisogeza pembeni. "Nyumbani tumebaki wawili, watoto wameshaoa na kuolewa," anasema. "Lakini mezani sasa tunakula na Mzee."

Alichoamua Mama Mizani ni kuipeleka mizani hadharani. Jioni, akitoka ofisini, huitundika kwenye boriti ya kibanda cha fundi baiskeli, jirani na bomba la maji, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Hapimi watoto tu. Anapima chochote anacholetewa, ili watu waizoee.

Jioni ya leo mwanamke mmoja ameleta kuku aliyefungwa miguu. "Nipimie, mama. Nimemnunua kwa mtu ambaye simwamini."

Mama Mizani anamtundika kuku, anaisoma mizani kwa uso mkavu. "Huyu kakonda. Muwahishe kituoni akanywe uji."

Foleni ya ndoo inaangua kicheko. Lakini sauti moja kutoka nyuma inasema, "Halafu mumchukue!" Kicheko kinakatika. Watu wanatazama ndoo zao.

Mama Mizani amelisikia neno hilo mara nyingi wiki hizi, na bado linamchoma.

"Hapa tunapima, tunarudisha," anasema, na kumkabidhi mwenyewe kuku wake. "Haya, shika. Ni wako."

Ni wakati huo ambapo bibi mmoja anajitenga na watu. Kuna mtoto mgongoni kwake, amefunikwa na mbeleko mpaka kichwani. Mbeleko inateleza kidogo na uso uliokunjwa unachungulia kukagua kibanda. Mama Mizani anaifuta mikono yake kwenye sketi, ingawa haina maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kumpimisha mjukuu wangu." Bibi anamtazama usoni. "Kumpimisha tu."

"Na tutampima tu, mama."

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya meza ya viatu vya mtumba, amesimama mwanamke kijana mwenye sinia la mayai kichwani. Mguu mmoja umeshaelekea kichochoroni. Bomba zima limemwona. Mama Mizani pia amemwona, lakini anajitia hamnazo, anainama kufungua mfuko wa mizani.

Mzee anawekwa mfukoni. Mshale unacheza, unatulia. Kisha utepe unazungushwa mkononi mwake, na Mama Mizani anaunyoosha mara mbili, akihofia kuusoma.

"Njano!" anasema kwa sauti kubwa kupita mahitaji ya bibi aliye mbele yake. "Ni njano, mama. Amepungua, na nyekundu haiko mbali, lakini bado ni njano."

Anamtoa mtoto kwenye mfuko. Hapo ndipo Mzee anapomtambua. Anatupa mikono yote miwili shingoni kwake na kumng'ang'ania, uso umezama begani, palepale kinapokaa kitambaa cha pua. Ng'ambo, sinia limeyumba na yai moja limeanguka.

Wiki tatu Mama Mizani ameamka akimngoja mtoto huyu. Sasa anaanza kumbandua. Anafungua kidole kimoja kimoja, haraka, midomo ameikaza, na Mzee anaanza kulia, anapiga teke, anashika tena kola ya blauzi. Anakibandua kiganja hicho nacho.

"Mchukue, mama. Mchukue upesi. Ni wenu."

Bibi anampokea mjukuu wake anayepiga mayowe. Hasogei. Anamtazama Mama Mizani ambaye blauzi imekaa upande na macho yamejaa maji, halafu anauliza swali ambalo bila shaka amepewa alibebe.

"Mama yake anauliza, kikombe chake bado kipo?"

"Kipo!" Safari hii anapaza sauti waziwazi, ingawa bado hajageuka upande wa barabara. "Kila asubuhi kinamiminiwa uji. Mlango uko wazi, na lile gari halisogei tena pale, wala mlangoni kwa mtu. Mimi mwenyewe sitalipanda. Nilikosea, mama. Mwambie nilikosea."

"Nitamwambia," anajibu bibi. Wote wawili wanajua kwamba mwenye sinia ameshasikia.

Mama Mizani anawapa mgongo na kuomba aletewe kitu kingine cha kupima, chochote. Mtu anampa boga. Analipima polepole, kwa muda mrefu kuliko boga lolote linavyostahili, ili mwenye sinia aondoke bila kutazamwa. Anapogeuka, nyuma ya meza ya viatu hakuna mtu. Limebaki yai, na mwenye meza analiokota na kulimenya.

Akiwa anakunja mizani, anaeleza mipango yake. Ameomba halmashauri wanunue mkokoteni wa kusambazia unga, na ombi liko mezani kwa mkuu wa idara. Likikataliwa, kuna msukuma mkokoteni mmoja, baba wa watoto wawili wa kituoni, ambaye amejitolea. Dereva, ambaye naye ameishiwa raha tangu siku ile, atakuwa anashusha magunia kwenye ghala la sokoni na kuishia hapo.

Je, anadhani Mama Mayai atakuja kesho?

"Sijui. Usiniulize hivyo, utanikosesha usingizi." Anakunja utepe. "Wala sitaki anishukuru. Nataka aje amekasirika. Anitukane pale mlangoni mpaka achoke, mradi mtoto yuko mkononi."

Mbingu imeshaanza kununa. Matone ya kwanza yanapiga bati la fundi baiskeli, na kama aliyetumwa, dereva wa pikapu anatokea, anapunguza mwendo, anatoa kichwa dirishani.

"Mama! Panda angalau mpaka barabara kubwa! Mvua hiyo!"

Anampungia mkono aendelee. Anaifunga mizani kwenye mfuko wa nailoni, anaitia begani na kuanza kutembea, huku akimpigia simu mpishi.

"Kesho cha Mzee umimine mwisho," anamwambia. "Kisije kikapoa kabla hajafika."