Jasho la Mkebe

Nilipokuwa mtoto nililamba homa ya ndugu yangu, mara mbili, na nusura nisimwambie mtu. Siku hizo Kismayu ilikuwa bado ya Mtaliano, na baba alikuwa mpishi katika nyumba ya Mtaliano mmoja mwenye sanduku la barafu. Ndugu yangu Shee, hata meno hajaota, alikuwa anawaka siku ya tatu, mama hali wala halali, na bibi amekuja kutoka kisiwa cha Chovai kusaidia kuuguza. Baba akaleta kipande cha barafu ndani ya mkebe wa bati, tuloweshe kitambaa tumpanguse mtoto kichwa.

Haukupita muda, mkebe ukatoka jasho. Bibi akaupapasa chini akitafuta tundu, hakuna. Akafunua, maji yamo. Akamgusa Shee paji, limepoa kidogo. Basi kwao ugonjwa huhamishwa, kitu kikaubeba, na kitu hicho hutupwa baharini maji yakipwa.

"Homa imeshaingia mkebeni," akasema. "Ile inatokeza nje. Mchu asiguse." Kwao Chovai, mtu ni mchu.

Nami nilikuwa nimeshagusa. Adhuhuri ile, koo limekauka, bati limejaa matone ya baridi, bibi kaenda kutia udhu, ungefanyaje?

Nikakaa kizingitini kusubiri kufa. Bangili zangu nikamwachia mama, kimoyomoyo, na kipande changu cha papa nikampa paka, ambaye hakuuliza sababu. Lakini bibi alipotoka na mkebe, anakwenda kuutupa, nikaona homa ya mkebeni inakwenda zake na ya kwangu inabaki, nikashindwa.

"Bibi, nimeilamba."

"Umelamba nini?"

"Homa ya Shee."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya kwanza naifahamu, mjukuu wangu. Ya pili ulitaka nini?"

Akanikokota mpaka pwani, akautupa mkebe, kisha akanizamisha mara saba na nguo zangu, wavuvi wanatazama, maji yananiingia puani mpaka masikioni. Jioni Shee alinyonya akalala. Mimi nikaanza kupiga chafya, na kulipokucha nina homa.

"Mwaona?" bibi akasema, ameridhika kabisa. "Ilikuwa mle."

Baba akasema taratibu, "Mama, ule mkebe ni wa Mtaliano."

"Basi mwambie akautafute. Ila asilambe."

Miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu alitia maji baridi kwenye gilasi, akatuonyesha matone nje, akasema hayo yametoka hewani, hewa ina maji tusiyoyaona, ikigusa kitu baridi huyaacha. Nilinyosha kidole nikauliza kama yana madhara mtu akiyalamba. Darasa zima lilicheka, nami nikapumua, naweza kusema, kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri ile.

Sasa nina mwanangu, wa kwanza, na juzi alishikwa na homa, mimi natetemeka kuliko yeye. Nilikuwa nikimpangusa, gilasi ya maji ya barafu i kando yangu, imetoka jasho. Nalijua jasho lile, nalijua lilikotoka, ningeweza hata kulifundisha. Mume wangu akaingia na kiu yake, akanyosha mkono.

"Mchu asiguse," nikasema, na sauti haikuwa yangu.

Akacheka sana. Lakini maji alikwenda kunywa mtungini.