Kimeli Alivyomnyamazia Kipyego

Watu wa kijiji cha Ziwa walimjua Kimeli kwa mdomo wake. Alipokuwa mkamuaji wa mzungu aliwasimulia ng'ombe habari tangu chuchu ya kwanza hadi ya mwisho, na wenzake walidai kwamba ng'ombe wale walitoa maziwa upesi ili apate kunyamaza.

Kipyego alikuwa wa rika lake. Walipashwa tohara msimu mmoja, wakaugua vidonda katika kibanda kimoja. Na katika rika lile mwenzako akikuita, unaitika. Akikutukana, unamtukana. Lakini kumnyamazia ni sawa na kumzika angali anapumua.

Uhuru ulipokuja mzungu akauza, majirani wakachanga wakalinunua shamba. Mpimaji akaligawa, na Kimeli akaangukia kipande chenye kijito, Kipyego akapata kilichopakana nacho. Alifurahi mno! Lakini mvua zilipokwisha, bikoni, yale mawe ya mpaka, yalikuwa yamehama. Kijito kikawa kwa Kipyego, tena kimezungushiwa ua wa waya. Wazee walikaa kikao, Kipyego akaapa kwamba mawe yako palepale mpimaji alipoyaacha. Nani angembishia? Kiangazi hicho ndama wawili wa Kimeli walikufa kwa kiu.

Basi usiku mmoja Kimeli akachukua koleo la kukatia waya, akaukata ule ua mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi Kipyego alimjia na askari, wakampakia kwenye trela ya trekta la Kipyego mwenyewe hadi kituo cha polisi. Njia nzima Kimeli alikuwa akiipanga hotuba. Angesema ndiyo, nimekata, na kesho nitakata tena. Inspekta Nyongesa akamketisha. Kipyego alikataa kungoja nje, akajibwaga kwenye benchi ukutani.

"Kimeli," Inspekta akasema, "unashukiwa kuharibu mali ya mtu kwa makusudi. Si lazima useme neno lolote. Lakini ukisema, nitaliandika, na linaweza kutolewa kortini kama ushahidi. Umeelewa?"

Kimeli alidhani ni mtego. "Bwana Inspekta, mmenitoa kwangu mkanileta hapa ili ninyamaze?"

"Ukitaka. Ni haki yako."

"Hata akiniuliza huyu?"

"Hata nikikuuliza mimi."

Kipyego akacheka. "Afande, huyu hawezi kufunga mdomo. Subiri kidogo tu, atakuimbia yote."

Hotuba ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Kimeli akamtazama yule mtu anayecheka, akawakumbuka ndama wake, akafunga mdomo.

"Kimeli," Kipyego akaanza. "Ni wewe uliyekata?"

Kimeli akageukia dirisha.

"Wewe, nakuita! Mimi ni wa rika lako."

Kimeli alikuwa akitazama nzi dirishani. Kicheko cha Kipyego kikakauka.

"Mzee, mwache," Inspekta akasema.

"Nimwache vipi? Ananifanya maiti mbele ya serikali!" Kipyego alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Si una kinyongo cha bikoni? Ndiyo, nilizing'oa! Kwa mikono hii! Ungekuwa mwanamume ungekuja kunipiga, si kutafuna waya usiku kama panya. Nijibu!"

Inspekta akavuta karatasi nyingine.

"Mzee Kipyego, keti. Na wewe si lazima useme neno lolote..."

Hapo Kipyego akaelewa. Akageuka, sauti imemwishia. "Kimeli, mwambie tulikubaliana kuzihamisha. Neno moja tu, ndugu yangu."

Huyu ndiye aliyemnywesha maji kule kibandani homa ilipompanda. Neno likapanda hadi kooni mwa Kimeli, naye akalimeza, na utamu wake ukamshuka hadi tumboni.

Hakuna aliyeshuhudia ua ukikatwa, kwa hiyo Kimeli aliambiwa aende nyumbani, atakapohitajika ataitwa. Hakuitwa. Mpimaji alirudi, bikoni zikarudi mahali pake, na Kipyego akaenda kuvaa nguo za jela.

Alipotoka alikuwa amekonda, mpole. Siku ya soko pale Ziwa akamfuata Kimeli kati ya magunia ya mahindi, akamwamkia mbele ya watu. Kimeli akaendelea kubishana na muuza chumvi kama vile upepo umepita. Soko lililofuata ikawa hivyo hivyo. Ikaenda miaka, wote wawili wakaota mvi, mmoja akiamkia na mwingine akinunua chumvi.

"Baba Chebet," mkewe Jepkemboi alimwambia, "ardhi ulirudishiwa na mtu akafungwa. Hujashiba tu?"

"Bado."

Na kila soko alijipanga mapema penye magunia, akitega sikio asikie akiamkiwa. Siku ambayo Kipyego hakutokea, Kimeli alirudi nyumbani amenuna, hataki chai wala kusemeshwa, kama mtu aliyenyimwa haki yake.